Kuganga Shingo: Tiba ya Mikono katika Nchi ya Mbinga na Mwambao wa Ziwa Nyasa

Neno kuganga lina maana mbili zilizo karibu sana. Ya kwanza ni kufunga au kuunga kitu kilichovunjika. Ya pili ni kuponya. Katika shina hilo limetoka gango, yaani kipande cha mti au chuma kishikanishacho vitu viwili, na limetoka mganga, ambaye wengi humdhania kuwa ni mtu wa dawa na ramli tu. Lugha yenyewe yashuhudia kwamba mganga ni mtu wa mikono pia. Ushahidi huo wafaa kukumbukwa katika jambo la maumivu ya shingo, ambalo mpaka leo hutibiwa kwa mikono na kwa vyombo vya hospitali.

Nchi ya Wamatengo ni ya milima mikali, ambako watu hulima kwa mashimo ya ngoro ili mvua isichukue udongo. Kutoka huko ardhi hushuka hadi Mbamba Bay na Liuli, kwenye ziwa ambalo uso wake u kiasi cha mita 475 tu juu ya bahari. Kabla ya motakaa, mizigo ilipanda na kushuka kwa vichwa vya watu, na shingo ndiyo iliyokuwa mhimili wa safari. Tiba yake ilikuwa ile ile ijulikanayo pande nyingi za Tanzania: kukanda kwa maji ya moto, kuchua kwa mafuta, na kufunga banzi mahali palipovunjika.

Mwaka 1898 Wabenedikti walifika Peramiho, na mwaka 1899 wakaanzisha misheni ya Kigonsera. Ziwani ilikuwako misheni ya Kiingereza ya U.M.C.A., yenye makao yake kisiwani Likoma. Meli yake Chauncy Maples, iliyoshushwa majini mwaka 1901, ilikuwa kanisa, shule na hospitali pamoja. Baadaye hospitali za misheni zilisimama Peramiho, Litembo na Liuli. Tangu hapo ganga la kijijini na plasta ya hospitali vimeishi jirani, lakini mara chache vimezungumza.

Mfarakano wa namna hii haukuwa wa Afrika peke yake. Huko Ulaya waunga mifupa walidharauliwa na madaktari kwa karne nyingi. Katika Marekani, mwaka 1895, Daniel David Palmer wa mji wa Davenport alidai kuwa amemrudishia mtu usikivu kwa kumsukuma pingili ya uti wa mgongo. Hapo ndipo ilipozaliwa kiropraktiki, jina lililoundwa kwa maneno ya Kiyunani yenye maana ya mkono na tendo. Dai la Palmer kwamba karibu magonjwa yote hutokana na pingili zilizohama halikuthibitika. Lakini kazi ya mikono juu ya mgongo na shingo ilienea duniani.

Kiropraktiki ilikutana na jeraha la zama za motakaa. Gari likigongwa kwa nyuma, kiti husukuma kiwiliwili mbele na kichwa hubaki; shingo hupinda nyuma, kisha hurushwa mbele. Mwaka 1928 daktari Harold Crowe, Mmarekani, aliufananisha mwendo huo na mchapo wa mjeledi. Baadaye alisikitika, kwa kuwa watu waliufanya mwendo kuwa jina la ugonjwa. Kwa Kiswahili kosa lingekuwa kubwa zaidi: jeraha la mjeledi ni alama ya kiboko mgongoni. Teguko la shingo nalo halifai, maana pingili si lazima iwe imeteguka. Mtikiso wa shingo ni jina linyofu, kwani lataja lililotokea bila kuhukumu lililoharibika.

Hukumu hiyo ndiyo yenye hatari. Mwaka 1995 jopo la wataalamu wa Quebec, Kanada, lilipanga majeruhi wa namna hii kwa daraja. Daraja la kwanza lina maumivu tu. La tatu lina dalili za mishipa ya fahamu, kama ganzi au mkono kulegea. La nne ni mfupa uliovunjika au kuteguka. Kwa daraja za chini jopo lilishauri mtu aendelee na shughuli zake badala ya kufungwa kola siku nyingi. Kukanda na kunyoosha, pamoja na mazoezi, kwaweza kusaidia, ingawa ushahidi wake si mwingi. Lakini mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2005 wakataza kusukuma pingili iliyovunjika, kwani uti wa fahamu waweza kukatika.

Tanzania iliitambua tiba ya asili na tiba mbadala kwa sheria namba 23 ya mwaka 2002, iliyounda baraza la kuwaandikisha waganga. Sheria imefungua mlango. Mazoea hayana budi kufuata. Abiria aliyeanguka na pikipiki kwenye miteremko ya Mbinga aweza kutembea jioni na kuamka asubuhi shingo imekaza, na mkono wa jirani ukawa karibu kuliko eksirei. Mganga atambuaye ganzi, akaondoa mkono wake na kumpeleka mgonjwa Litembo au Liuli, hajaacha uganga. Kuganga ni kuunga. Na mara nyingine kinachotakiwa kuungwa kwanza ni kijiji na hospitali.