Sufuria, Risasi na Maji ya Betri: Historia ya Metali katika Maneno ya Kariakoo na Gerezani



Kariakoo ni neno lililosikiwa kabla ya kuandikwa. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam mwezi Septemba 1916, kikosi chao cha wapagazi, Carrier Corps, kilipiga kambi katika eneo hili. Wenyeji walilichukua jina hilo kwa masikio yao, wakalitia irabu na kulifanya lao. Hakuna kamati iliyokaa kulijadili. Nalitaja jambo hili, ingawa wengi wenu mnalijua, kwa kuwa maneno ya kufua, kusubu na kuyeyusha metali, na baadaye maneno ya kuhifadhi umeme, yameingia katika Kiswahili cha mji huu kwa njia hiyo hiyo. Kitu kilitangulia, fundi na mchuuzi wakakipa jina, na wanaleksikografia tukafuata nyuma. Hoja yangu ni kwamba jina la zamani linapokabidhiwa kitu kipya hubeba pamoja nalo mazoea ya zamani, na kwa metali moja mazoea hayo yanawadhuru watu.

Isidhaniwe kwamba elimu ya metali iliingia nchini kwa meli. Mwaka 1978, katika jarida la Science, Peter Schmidt na Donald Avery walieleza matokeo ya utafiti wao Buhaya, magharibi mwa Ziwa Viktoria. Walionyesha kwamba wahunzi wa kale wa huko, zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, waliingiza mirija ya udongo ndani ya tanuri, nao wakadai kwamba hewa ya mivukuto ilipata moto ndani ya mirija hiyo kabla ya kuufikia mkaa. Kwa njia hiyo, walisema, joto lilipanda sana na chuma kilichopatikana kilikuwa na kaboni, yaani kilikaribia kile tunachokiita chuma cha pua. Wapo wataalamu waliolipinga dai la hewa kupashwa moto, na mjadala huo haujafungwa. Huko Ufipa nako, ambako Bertram Mapunda wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam amefanya utafiti, tanuri ndefu zilizoitwa malungu ziliyeyusha mawe ya chuma bila mivukuto kabisa, kwa nguvu ya hewa iliyojivuta yenyewe. Lakini malungu ni neno la huko huko. Kiswahili sanifu, lugha ya pwani, kilikuwa na mhunzi, fuawe na mvukuto wake, kikaongeza kalibu na lehemu kutoka Kiarabu na karakana kutoka Kiajemi. Kwa jumla, hakikugusa hazina ya bara. Naliona hilo kuwa hasara, ingawa si mada yangu leo.

Tuingie mjini. Reli ya Kati ilianza kujengwa hapa mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, na kipande cha reli kikawa fuawe ya mafundi wengi. Anayepita Gerezani husikia nyundo kabla hajaziona: masanduku, majiko, karai na toroli hutoka katika mabati na vyuma chakavu. Alumini chakavu nayo huyeyushwa kwa nyuzi 660 tu za Selsiasi, wakati chuma huhitaji 1,538. Tofauti hiyo ndiyo inayomwezesha fundi mwenye mkaa na feni kusubu sufuria kwa kalibu ya mchanga, kazi ambayo kwa chuma isingewezekana uani.

Neno sufuria lenyewe linastahili kusimamishwa kidogo. Asili yake ni Kiarabu, sufr, yaani shaba ya manjano. Kwa hiyo chombo kilipewa jina la metali iliyokitengeneza. Alumini ilipokuja, chombo kilibadilisha mwili kikabaki na jina, na leo hakuna mpishi anayewaza shaba anapoteleka wali. Bati lilipita njia hiyo hiyo. Lilikuwa jina la metali laini nyeupe, ambayo mafundi waliipaka ndani ya vyombo vya shaba. Sasa ni karatasi ya chuma cha pua iliyopakwa zinki, nayo huezekea nyumba. Hata kiwanda cha ALAF, kilichoanzishwa mwaka 1960 kwa jina la Aluminium Africa, kinajulikana zaidi kwa mabati ambayo kiini chake ni chuma. Mabadiliko haya hayakumdhuru mtu. Maana ilihama, na wasemaji wakahama nayo.

Umeme wa kubebeka ulipofika, msamiati wa mhunzi ulikuwa tayari unaungoja. Betri ndogo za redio na tochi ziliitwa mawe, na wazee wengi bado husema hivyo. Tangu miaka ya 1960 kiwanda cha Matsushita cha hapa Dar es Salaam kilikuwa kikizitengeneza. Jiwe likichoka lilianikwa juani kama muhogo, na watu waliokwenda shule waliwacheka waanikaji. Hawakuwa na haki ya kucheka: joto huharakisha mwendo wa kemikali ndani ya betri ya aina hiyo, na nguvu kidogo hurudi kwa muda. Mkondo wa umeme uliitwa moto. Fundi husema “betri haina moto” na “waya wa moto”, na kwa usemi huo tanuri la mhunzi na betri ya gari vimeketi katika neno moja. Kwangu mimi huo ni ubunifu wa hali ya juu, nami sioni sababu ya kuusahihisha.

Sasa nifike kwenye risasi. Wavuvi na mabaharia wa pwani waliijua metali hii kwa karne nyingi. Chubwi la mshipi lilikuwa risasi, na bildi ya kupimia kina pia. Ni laini, ni nzito, huyeyuka kwa nyuzi 327, joto ambalo jiko la mkaa hulifikia bila taabu. Mtu aliipasha moto jikoni, akaimimina, akapata chubwi lake. Maana ya pili, ile ya bunduki, ndiyo iliyobeba hofu yote ya neno hili. Anayesikia kwamba risasi inaua huwaza mtutu wa bunduki, hawazi sufuria iliyo juu ya jiko.

Mwaka 1859 Gaston Planté, Mfaransa, alitumbukiza mabamba ya risasi katika asidi ya salfuriki akapata betri inayoweza kuchajiwa tena. Bado ndiyo inayowasha magari yetu. Betri ikifa, thamani yake imo ndani ya mabamba, na mnunuzi wa vyuma chakavu huipima kwa kilo. Anayeivunja huimwaga ile asidi chini na kuyayeyusha mabamba kwa mazoea yale yale ya mvuvi. Tofauti ni kwamba mvuvi aliyeyusha kipande, naye huyeyusha shehena, tena si risasi safi bali unga wa oksidi unaopeperuka na kutua katika nywele, nguo na mchanga wanaochezea watoto. Shirika la Afya Duniani limesema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mtoto hufyonza mara 4 hadi 5 ya kile anachofyonza mtu mzima.

Na asidi ile tumeiita nini? Maji ya betri. Jina hilo hilo hutumika kwa maji safi yaliyokenekwa, ambayo huongezwa betri inapopungukiwa, na kwa asidi inayotoboa nguo. Maji, kwa Mswahili, ni kitu cha kunawia. Mtoto anayeambiwa amwage maji mtaroni hana la kuuliza.

Yaliyotokea Owino Uhuru, Mombasa, si ya kubuni. Kiwanda cha kuyeyusha betri kilifanya kazi kando ya makazi hayo, na mwaka 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Baada ya rufaa, Mahakama ya Juu iliithibitisha fidia hiyo mwaka 2024. Wakazi walisema Kiswahili. Yale yaliyokuwa yakiingia miilini mwao yaliitwa moshi na maji.

Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, kazi kubwa na ya heshima. Ilimlenga mwanafunzi, haikuvuka Barabara ya Msimbazi kwenda kwa fundi. Hatukumwuliza anachokiita kile anachokishika, ili tumpe neno jirani na lake lenye onyo ndani yake. Sumu ya risasi ni istilahi nyepesi. Asidi ya betri ni nyepesi zaidi. Zote mbili zinaweza kuandikwa kwa rangi ubavuni mwa betri.

Muda unakwenda mbio. Madini ya kinywe ya Mahenge na Lindi, neno ambalo nyaraka za serikali zimelizoesha, yanatafutwa kwa ajili ya betri za lithiamu, na betri hizo zimo madukani Kariakoo pamoja na paneli za sola. Sokoni kuna mgawanyo wa betri ya maji na betri kavu. Kavu ni ile iliyofungwa, ambayo haiongezwi maji. Ndani yake bado mna risasi na asidi. Ikiwa betri ya lithiamu nayo itaingizwa katika kundi la kavu, atakayeivunja kwa patasi kama alivyozoea atakuta ndani yake kimiminika kinachoshika moto, na moto huo si ule wa waya.