Inchi 4.40: Historia ya Bloku Ndogo na Bloku Kubwa

Kabla ya mwaka 1958, hapakuwa na sababu ya mtu kuita injini yake bloku ndogo. Ilikuwa V8, basi: silinda nane zilizogawanywa nne kwa nne, safu mbili zikikutana chini kama herufi V. Mtoto wa kwanza haitwi kaka mpaka mdogo wake azaliwe, na hapa pia jina lilisubiri ndugu. Msomaji wa Dodoma anayelisikia neno V8 huliona shangingi la kiongozi likikata barabara. Injini ile ni ya Toyota, na haimo katika ukoo huu. Ukoo ninaousimulia ni wa Marekani, na ulianza kuota mizizi zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Mwaka 1914 Cadillac ilitoa V8 yake ya kwanza, ikawa injini ya matajiri. Aliyeifikisha kwa watu wa kawaida ni Henry Ford, mwaka 1932, baada ya viwanda vyake kufanikiwa kusubu bloku nzima ya V8, yaani mwili wa injini unaobeba silinda, kwa kipande kimoja cha chuma. Ilikuwa na ujazo wa inchi 221 (inchi 61 za ujazo ni sawa na lita moja) na nguvu za farasi 65. Valvu zake zilikaa ubavuni mwa silinda, mtindo ulioizuia kupumua vizuri. Baada ya Vita Kuu ya Pili petroli bora ilipatikana kwa wingi, na mwaka 1949 Oldsmobile na Cadillac zilileta V8 zenye valvu juu ya silinda na mgandamizo mkubwa. Miongoni mwa wahandisi wa ile ya Cadillac alikuwa Ed Cole.

Cole alihamia Chevrolet mwaka 1952 akiwa mhandisi mkuu. Kampuni hiyo ilikuwa ikiuza magari ya bei nafuu yenye injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, ambayo asili yake ni mwaka 1929. Alihitaji V8 ambayo gari la bei nafuu lingeweza kuibeba, na ninaamini sharti hilo la unyonge ndilo lililoipa injini yake maisha marefu. Kuta za bloku zilisubiwa kwa wembamba ambao viwanda havikuuzoea. Roka, vile vyuma vinavyosukuma valvu, hazikufuliwa wala kusubiwa. Zilipigwa chapa kutoka bati nene, kila moja ikakalia mhimili wake mdogo. Injini iliyoingia sokoni katika magari ya mwaka 1955 ilikuwa na ujazo wa inchi 265 na nguvu za farasi 162, na ilikuwa nyepesi kuliko ile ya silinda sita. Kutoka kitovu cha silinda moja hadi kitovu cha inayofuata palikuwa na inchi 4.40, yaani milimita 111.8. Namba hiyo tutakutana nayo tena.

Magari ya Marekani yakanenepa. Yalirefushwa, yakatiwa mapezi na kupambwa kwa kromu, na malori nayo yakadai nguvu zaidi. Ndipo mwaka 1958 kampuni zote tatu kubwa zikaleta V8 zilizosubiwa kwa umbo pana zaidi: Chevrolet ikaja na ya inchi 348, Ford na familia yake ya FE, Chrysler na familia ya B. Hapo ndipo ukoo ulipogawanyika kuwa bloku ndogo na bloku kubwa. Ford ilirudi kuziba pengo la chini mwaka 1962, kwa V8 ndogo iliyokuja kuitwa Windsor, mji wa Kanada ilikotengenezwa. Chrysler ikafuata mwaka 1964.

Bloku kubwa iliyokomaa ilionekana kwanza mashindanoni. Februari 1963, huko Daytona, Chevrolet zenye injini mpya ya inchi 427 zilishinda mbio zote mbili za mchujo, na waandishi wakaiita injini ya fumbo. Mwaka 1965 mzao wake uliuzwa kwa umma ukiwa na inchi 396. Kati ya vitovu vya silinda zake kuna inchi 4.84, karibu milimita 123, na bloku yenyewe imenyanyuka kwa takribani milimita 20 zaidi ya ndogo. Hivi ndivyo vipimo vya kutazamwa. Nafasi kati ya vitovu huamua tundu la silinda linaweza kupanuliwa hadi wapi. Kimo cha bloku huamua pistoni inaweza kupanda na kushuka umbali gani. Tundu pana hupokea valvu pana, na safari ndefu ya pistoni huipa kranki nguvu ya kuvuta mzigo tangu mizunguko ya chini. Gharama yake ni uzito, tena unaoangukia magurudumu ya mbele.

Fundi wa Chevrolet za enzi hiyo hahitaji kufungua kitu ili azitambue. Kava la roka la bloku ndogo limeshikwa kwa bolti nne. La bloku kubwa, kwa bolti saba. Akitazama matundu ya ekzosi, ataona mawili ya katikati yamebanana kwenye ndogo, ilhali kwenye kubwa yote manne yameachiana sawasawa. Akiondoa kava atakuta valvu za bloku ndogo zimesimama kwenye mstari mmoja, na za bloku kubwa zimeinamia huku na huku, ndiyo maana hedi yake ilibandikwa jina la nungunungu. Hata hivyo zote mbili huwasha silinda zake kwa mpangilio uleule: 1, 8, 4, 3, 6, 5, 7, 2. Undugu haukufutika.

Ujazo ndio uliowapotosha wengi, na bado unawapotosha. Mwaka 1970 Chevrolet iliipanua bloku ndogo hadi inchi 400, ikaipita bloku kubwa ya 396. Ili kufika huko, matundu yalipanuliwa mpaka kuta za silinda jirani zikaungana, maji yasipate njia kati yake. Vitundu vidogo vikatobolewa kwenye hedi ili mvuke utoke. Bado ilikuwa bloku ndogo, kwa kuwa inchi 4.40 hazikusogea.

Mwaka huohuo wa 1970 bloku kubwa ilifika kileleni: inchi 454, nguvu za farasi 450 katika gari la Chevelle. Anguko lake lilianza mwaka huohuo pia. Sheria ya Hewa Safi ilitiwa saini mwezi Desemba. Mgandamizo ukapunguzwa ili injini zikubali petroli yenye risasi kidogo. Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zikaifungia Marekani mafuta. Toleo la mwisho la gari la michezo la Corvette lenye 454 lilitoka mwaka 1974, na baada ya 1976 Chevrolet haikuiweka tena injini hiyo katika magari yake ya familia. Ilihamia kwenye pikapu nzito na boti. Bloku ndogo nayo iliumia: Corvette ya kawaida ya 1975 ilibaki na nguvu za farasi 165. Ila ilikuwa na pa kujibana.

Mwaka 1997 bloku ndogo ilizaliwa upya kwa alumini, mpangilio wa kuwasha ukabadilishwa, karibu kila kipande kikachorwa upya. Inchi 4.40 zikaachwa mahali pake. Mwaka 2006 mzao wake mmoja ulifika lita 7, inchi 427 zilezile za injini ya fumbo, ukiwa na nguvu za farasi 505. General Motors, kampuni mama ya Chevrolet, iliacha kufunga bloku kubwa katika malori yake mwaka 2009, na tangu 2020 pikapu zake nzito za petroli huvutwa na bloku ndogo ya lita 6.6. Ford, mwaka huohuo, ilileta V8 mpya ya chuma ya lita 7.3 kwa ajili ya malori. Inatengenezwa Windsor.