Miwani ya macho kwa dereva wa bodaboda: namna ya kuchagua kwa vumbi, upepo na jua la Ulemo

Kiangazi kikishika Ulemo, wilayani Iramba, dereva wa bodaboda anayevaa miwani ya macho anapata kazi ya pili: kuifuta. Akiacha lami pale Misigiri na kuingia barabara ya udongo, lori moja tu likimpita, lenzi zote mbili zimekuwa kahawia. Anavua, anafuta kwa pindo la shati, anavaa, anaendelea. Wiki chache baadaye lenzi zimejaa mikwaruzo, na wengi hapo ndipo wanaamua kuendesha bila miwani kabisa.

Hilo ni kosa kubwa. Mtu mwenye namba ya minus 2 akivua miwani, anaona vizuri mpaka nusu mita tu. Kuanzia hapo vitu vinafifia. Na pikipiki inayokwenda kilomita 50 kwa saa inakata karibu mita 14 kila sekunde. Shimo, mbuzi au mtoto anayevuka, akionekana sekunde moja baadaye kuliko ilivyotakiwa, tayari mita 14 zimekwisha.

Wenye theluji walishakutana na hili

Mwendo, upepo usoni na mwanga mkali: shida hizi tatu zinafanana na za watu wanaoteleza kwenye theluji. Mchezo huo si wa huku, ingawa Kenya imepeleka watu. Philip Boit alishiriki Olimpiki ya majira ya baridi ya Nagano, Japani, 1998, na Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi, aliiwakilisha Kenya Pyeongchang 2018.

Wanaoteleza wenye matatizo ya kuona wana njia kama nne. Wapo wanaovaa miwani kubwa ya kinga juu ya miwani yao ya kawaida. Wengine huweka kijifremu chenye lenzi za namba ndani ya miwani ya kinga. Wengine hutengenezewa miwani ya kinga ambayo lenzi zake zenyewe zina namba, na wengine huvaa lenzi za kubandika kwenye jicho.

Kwa dereva wa Ulemo, ya mwisho ifutwe mapema. Lenzi za jichoni zinataka mikono safi, dawa maalumu ya kuhifadhia na mazingira yasiyo na vumbi. Chembe ikiingia chini yake katikati ya safari, hakuna pa kunawia. Kijifremu cha ndani nacho ni shida kukipata nje ya miji mikubwa. Zinabaki mbili: kinga juu ya miwani ya kawaida, au miwani yenye namba iliyopinda kufuata uso.

Kwanza cheti cha vipimo

Kabla ya fremu, kabla ya rangi, kabla ya bei, macho yapimwe. Kwa mtu wa Ulemo hiyo mara nyingi ni safari ya Kiomboi au Singida mjini. Anayepima awe mtaalamu aliyesajiliwa. Tanzania ina Baraza la Optometria linalosimamia kazi hiyo.

Mteja aombe cheti chake na aondoke nacho. Kwenye cheti kuna namba ya kila jicho: alama ya kutoa ni kwa asiyeona mbali, ya kujumlisha ni kwa anayehitaji msaada wa aina nyingine, mara nyingi wa karibu. Anaweza kukuta pia namba ya CYL na AXIS, kwa jicho ambalo umbo lake halijakaa duara sawasawa. Aulizie na umbali kati ya mboni mbili, yaani PD, maana bila huo fundi anakadiria tu lenzi ikae wapi.

Sasa kuna jambo ambalo vijiweni linachanganywa sana. Miwani ya kusomea inayouzwa mnadani, ile ya plus, si ya kuendeshea. Miwani ya plus 1.50 kwa mtu anayeona mbali vizuri inamsaidia mpaka karibu sentimita 67, halafu mbele yake panakuwa ukungu. Dereva aliyefika miaka 40 na kitu, ambaye ameanza kusogeza simu mbali ili asome namba ya abiria, aivae wakati wa kusoma na kuhesabu hela, kisha aivue ndipo awashe pikipiki.

Hata miwani ya sehemu mbili, juu mbali na chini karibu, ina kasoro barabarani: akitazama chini kwenye mashimo, anapitisha macho kwenye sehemu ya kusomea. Mwenye kipato cha kumudu jozi mbili atengeneze moja ya mbali tu, kwa ajili ya kazi.

Lenzi ya plastiki gani

Lenzi ya kioo haifai kwenye pikipiki. Ikipigwa na kokoto au dereva akianguka, inaweza kupasuka vipande karibu kabisa na jicho. Plastiki ya kawaida ni nafuu na nyepesi kuliko kioo, lakini inayofaa zaidi ni polikaboneti, plastiki ngumu inayotumika pia kwenye miwani ya kinga viwandani. Inastahimili kishindo kuliko hizo nyingine, na yenyewe inazuia karibu miale yote ya UV ya jua.

Udhaifu wake ni kwamba inakwaruzika upesi, kwa hiyo lazima iagizwe ikiwa na tabaka la kuzuia mikwaruzo. Halafu haipendi kemikali kali. Fundi wa gereji anayefuta miwani kwa petroli au thina anaiharibu kwa mikono yake: inaweza kufanya ukungu na kupasukapasuka. Kioo cha helmeti cha polikaboneti kinaharibika vilevile.

Giza si kinga

Theluji mpya inaweza kurudisha hadi asilimia 80 ya miale ya UV, ndiyo maana mpanda Kilimanjaro asiye na miwani anaweza kupata maumivu makali ya macho. Udongo wa Iramba haurudishi kiasi hicho hata kidogo. Ila dereva wa bodaboda yuko juani asubuhi hadi jioni, siku nyingi za mwaka, na Singida ni nyanda za juu; UV huongezeka kwa takribani asilimia 10 kila mtu anapopanda mita 1,000. Jua la miaka mingi linahusishwa na mtoto wa jicho, na pia na kinyama kinachoota kutoka pembeni mwa jicho kuelekea kwenye mboni, ambacho kwenye vumbi na upepo kinapata marafiki.

Rangi nyeusi pekee haizuii UV. Tena lenzi nyeusi isiyo na kinga inaweza kuwa mbaya zaidi, kwa sababu gizani mboni inapanuka na kupokea miale mingi. Cha kutafuta ni maandishi ya UV400 au uhakika wa duka linaloeleweka. Kumbe lenzi nyeupe kabisa ya polikaboneti inaweza kulinda kuliko miwani nyeusi ya bei chee iliyotundikwa stendi.

Kwa giza lenyewe, lenzi za jua zina madaraja kuanzia 0 hadi 4. Daraja la 3 hupitisha kati ya asilimia 8 na 18 ya mwanga na linatosha jua la mchana. Daraja la 4 ni la milima yenye barafu. Halifai kuendeshea chombo chochote.

Lenzi zinazobadilika rangi juani zina mvuto: jozi moja, kazi mbili. Lakini zinategemea UV, hivyo nyuma ya kioo cha helmeti kinachozuia UV zinaweza kugoma kuwa nyeusi. Kwenye joto kali pia hazifiki giza lake kamili, na mtu akiingia ghafla kwenye kivuli cha miti zinachukua muda kurudi. Kwa anayefanya kazi hadi usiku bado zinafaa kuliko za giza la kudumu. Ile miwani ya njano inayotangazwa kuwa ni ya usiku iachwe. Utafiti uliochapishwa Marekani 2019 ulikuta haiwasaidii madereva kumwona mtembea kwa miguu wakati wa taa za gari linalokuja. Nayo, kama rangi yoyote, inapunguza mwanga.

Fremu, na helmeti yake

Miwani ijaribiwe pamoja na helmeti, si dukani kwenye kioo peke yake. Mikono ya fremu iwe myembamba na iliyonyooka, kwa sababu mikono minene inabanwa na kuumiza juu ya masikio, na mtu akiumia anavua kimoja kati ya viwili. Helmeti ivaliwe kwanza, miwani iingizwe baadaye.

Fremu iliyopinda kufuata uso inazuia upepo wa pembeni vizuri. Ila namba ikiwa kubwa, tuseme inazidi 4, lenzi iliyopinda sana inaweza kupotosha picha pembeni. Hapo ni afadhali fremu ya kawaida na kinga juu yake.

Kwa madereva wengi, jibu la gharama ndogo ni hili: miwani ya kawaida ya polikaboneti nyeupe, na helmeti yenye kioo kizima kinachoshuka mpaka kidevuni. Kioo kikichakaa kinabadilishwa, lenzi za namba zinabaki salama. Asubuhi ya baridi au mvua kitaweka ukungu, kwa kuwa pumzi ya joto inagusa kioo cha baridi. Kifunguliwe kidogo hewa ipite. Asiye na helmeti ya namna hiyo anaweza kuvalia juu miwani mikubwa myeupe ya kinga, kama ile ya fundi anayekata chuma kwa grenda. Haipendezi, abiria watacheka, lakini vumbi haliingii.

Kufuta na kunawa

Vumbi ni mchanga. Kulifuta likiwa kavu ni kupiga msasa lenzi. Chupa ya maji ikae kwenye pikipiki: lenzi imwagiwe kwanza, ndipo ifutwe kwa kitambaa laini cha pamba. Jioni ioshwe kwa maji na sabuni kidogo.

Chembe ikiingia jichoni, jicho lioshwe kwa maji safi mengi bila kusugua. Ikiwa ni mwiba au kipande cha chuma, au kuona kumepungua, au maumivu hayaishi, ni hospitali siku hiyohiyo. Dawa ya matone iliyobaki kwa jirani isiguswe, wala majani ya kukamulia, kwani jicho lililochubuka linaweza kupata kidonda na kovu ambalo hakuna miwani ya kulirekebisha.