Mwizi wa Kuku Usukumani, Jana na Leo

Leo tunatazama historia ya jambo ambalo wengi huliona dogo, nalo ni vita kati ya mwenye kuku na mwizi wa kuku, hapa Mwanza na kandokando ya Ziwa Victoria. Usicheke. Kuku watano ni daftari na sare ya mtoto, ni dawa ya mgonjwa, ni kitoweo cha mgeni. Tena mara nyingi ni mali ya mama wa nyumba, mali anayoweza kuiuza bila kumwuliza mtu. Kicheche akiingia bandani usiku, anayelia asubuhi ni mama huyo.

Kwanza tumjue mwizi. Hadithi nyingi za vitabuni humtaja mbweha. Hadithi hizo zimetoka Ulaya, na mbweha mwekundu wa huko hayupo kwetu. Tulio nao ni bweha wa porini, jamaa wa mbwa, ambao walio jirani na Serengeti wanawajua vizuri. Yupo pia bweha masikio, ambaye chakula chake kikubwa ni mchwa. Ukimwua huyo umemwua bure.

Wezi wetu hasa ni wengine. Mchana ni mwewe na nguchiro. Usiku ni kicheche, kanu na paka-pori. Karibu na maji yupo kenge, na kwenye yale mawe makubwa ya Mwanza chatu hupata maficho. Tangu zamani yale mawe yamewafaa wanyama hawa kuliko shimo lolote la kuchimba.

Sasa turudi nyuma. Kuku mwenyewe ni mgeni Afrika. Asili yake ni kuku-mwitu wa misitu ya Asia ya Kusini Mashariki. Alifika pwani yetu kwa vyombo vya biashara zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, akaingia bara mkono kwa mkono. Wasukuma wakamwita ngoko, wakampa nafasi nyumbani.

Wazee wetu walimlinda kwa walinzi watatu. Wa kwanza ni nyumba yenyewe. Usiku kuku walilala ndani ya msonge pamoja na watu. Wa pili ni ua wa minyaa uliozunguka mji, mnene, wenye utomvu mkali. Wa tatu ni watoto na bibi waliokaa uani mchana wakimfukuza mwewe kwa kelele. Utaratibu huo haukuwa na gharama, ila ulihitaji macho ya watu.

Baadaye mambo yakabadilika. Katika miaka ya 1920 Bwana Swynnerton alianza kazi ya kupambana na mbung'o huko Shinyanga, na watu wakafyeka vichaka eneo kubwa. Kazi ikaendelea katika Mpango wa Maendeleo ya Usukuma ulioanza mwaka 1947, na Wasukuma wengi wakahamia Geita na kufungua mashamba mapya. Wanyama wakubwa walirudi nyuma. Lakini kicheche na nguchiro hawahitaji msitu. Kichaka kimoja, kichuguu au rundo la mawe huwatosha. Simba akiondoka, mwizi mdogo hubaki.

Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, iliyoendeshwa kwa redio na vikundi vya wasikilizaji. Watu wapatao milioni mbili walishiriki. Walihimizwa kuchimba vyoo na kufyeka nyasi kuzunguka nyumba ili kuondoa mbu. Je, unaona? Kazi iliyofanywa kwa ajili ya mbu ilimsaidia na kuku, maana mwizi huyu hapendi kuvuka mahali peupe.

Mwaka uliofuata, 1974, ndipo watu wengi wa Mwanza walipohamia vijijini. Nyumba zikawa karibu karibu. Hapo faida na hasara ziliandamana. Mbwa wa jirani akibweka wote mnasikia. Lakini ua wa minyaa ulibaki kwenye mahame, na mahame yalipoota vichaka yakawa maficho. Tena kuku wa kaya nyingi walichanganyika, hata kuku akipotea watu walianza kutazamana.

Halafu, mwaka 1977, elimu ya msingi kwa wote. Lilikuwa jambo jema sana, na hakuna anayetaka kurudi nyuma. Ila tukumbuke kwamba mtoto aliyekuwa akimfukuza mwewe sasa yumo darasani. Mlinzi wa tatu ameondoka, na nyumba nyingi hazikumweka mwingine mahali pake. Basi tusishangae vifaranga kumi wakibaki watatu.

Liko jambo moja la kusikitisha katika historia hii. Dawa za kuua wadudu wa pamba zilipoenea, wengine walizipaka kwenye nyama na kuitega porini. Ndugu yangu, sumu haichagui. Inaua mbwa wako, inaua tai, inaweza kumwua mtoto. Endosulfan, mojawapo ya dawa zilizotumika sana kwenye pamba, ilikuwa kali kiasi kwamba mwaka 2011 mataifa yalikubaliana katika Mkataba wa Stockholm kuiondoa. Kuku hawezi kuwa na thamani ya roho ya mtu. Usitege sumu.

Badala yake, soma alama. Ukikuta kuku kadhaa wameuawa usiku mmoja, shingo zimeumwa na mizoga imeachwa, fikiria kicheche, kanu au paka-pori. Kifaranga akitoweka mchana na manyoya machache yamebaki, fikiria mwewe. Mayai yakitoweka bila ganda, ni kenge au nyoka, maana wao humeza zima. Maganda yaliyovunjika karibu na jiwe ni ya nguchiro. Huyo huligonga yai kwenye jiwe mpaka lipasuke. Mlango ukiwa umefunguliwa na hakuna hata unyoya, hapo ndipo ufikirie mtu. Watu wamegombana na majirani miaka mingi kwa kosa la kicheche. Tazama chini kwanza, ndipo useme.

Kisha rudisha walinzi wako watatu kwa njia ya leo.

Nyumba: jenga banda lililoinuliwa juu ya nguzo, urefu wa mita moja hivi. Tundu lolote linalopitisha ngumi ya mtoto ni mlango wa kicheche, liziba. Funga kabla giza halijaingia, usingoje mpaka umalize kula.

Ua: fyeka hatua kumi kuzunguka banda. Ondoa marundo ya mawe na kuni yaliyo karibu. Minyaa bado inaota kwa kuchomeka kijiti tu, ila angalia utomvu usiingie machoni.

Macho: mahali pa mtoto aliye shuleni weka tenga. Mfunike mama kuku pamoja na vifaranga kwa wiki nne za mwanzo, uwape maji na chakula humo humo. Ninyi wa kando ya ziwa mna bahati, nyavu kuukuu zipo. Tandaza wavu juu ya ua mdogo, mwewe atazunguka na kwenda zake.

La mwisho, hesabu kwa haki. Kuku wakisinzia, wakiharisha kijani na kufa wengi kwa siku chache, huyo si kicheche, ni kideri. Mwone bwana mifugo upate chanjo ya matone ya jicho, tone moja kwa kila kuku, kila baada ya miezi minne. Banda bora halizuii kideri, na chanjo haimzuii kicheche. Vyote viwili vinatakiwa.

Wazee walilinda kuku wao bila msumari wala waya, kwa sababu kila jioni mtu mmoja aliwahesabu. Leo jioni hesabu wako, na uandike ukutani kwa mkaa. Ukifanya hivyo mwezi mmoja, utajua mwizi wako anakuja siku gani na kwa njia ipi.