Birika la Kazeh

Mpishi akihama Dar es Salaam kwenda Tabora na sufuria yake ileile, maharage yatamchelewesha kidogo. Tabora imeinuka mita zipatazo 1,200 kutoka usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani, na maji huchemka yakiwa na nyuzi joto 96 hivi badala ya 100. Kila ukipanda mita 300, kiwango cha kuchemka hushuka kwa karibu nyuzi moja. Jikoni ni jambo dogo. Katika karne ya 19, hata hivyo, kulikuwa na watu waliotembea bara hili kwa miezi na miaka wakiwa na kipimajoto na birika, wakichemsha maji ili wajue nchi imeinuka kiasi gani, na kwa kujua mwinuko waweze kusema mto upi unaweza kumwaga maji yake wapi. Maana maji hayapandi mlima.

Wawili kati yao, Richard Burton na John Speke, waliingia Kazeh tarehe 7 Novemba 1857, zaidi ya miezi minne tangu waiache pwani. Kazeh ilikuwa mkusanyiko wa tembe katika nchi ya Unyanyembe, pale ulipo mji wa Tabora leo. Jina Tabora lenyewe wenyeji hulitoa kwenye matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa hadi vikauke. Si michembe, ambayo hukatwa na kuanikwa ikiwa mibichi. Chakula kisichooza, chepesi kufunga, kinachoweza kukaa safarini wiki nyingi: mji wa misafara haungeweza kupata jina linaloufaa zaidi.

Misafara hiyo ilikuwa ya nani? Vitabu vingi vimeiita njia ya kutoka Bagamoyo hadi Ujiji njia ya Waarabu, na wanafunzi wengi wameimeza hivyo. Ukweli ni kwamba Wanyamwezi walikuwa wamekwisha kushuka pwani na pembe zao za ndovu kufikia mwaka 1800 hivi, kabla wafanyabiashara wa Zanzibar hawajajenga hata nyumba moja Unyanyembe. Waliotoka pwani kupanda bara walifuata nyayo zilizokwisha kukanyagwa. Mbele alitangulia kirangozi, nyuma yake wapagazi, kila mmoja na mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kama kilo 32, bila kuhesabu mkeka wake, chungu chake na silaha yake. Watu hao walijua visima, walijua mwezi wa mvua, walijua mtemi gani anadai hongo na anapenda shanga za rangi gani. Hiyo nayo ni jiografia, ila haikuandikwa na wenyewe.

Mwenyeji wa Burton na Speke alikuwa Snay bin Amir, Mwomani wa kabila la Harthi, mfanyabiashara aliyekuwa amesafiri sana na kusoma sana. Wageni walimletea swali lililotokana na ramani. Miaka michache nyuma yake, wamisionari wa Rabai, Jakob Erhardt na Johannes Rebmann, walichora ziwa moja kubwa ajabu katikati ya Afrika, lenye umbo la konokono aliyevuliwa gome. Hawakuitunga hivi hivi. Erhardt aliwasikiliza wasafiri wa bandari mbalimbali, na kila mmoja alimweleza kwamba njia yake inaishia kwenye maji makubwa. Kila mmoja alisema kweli. Kosa lilikuwa la msikilizaji, aliyeona maji ya mmoja ni yaleyale ya mwenzake, akayaunganisha yote kuwa kitu kimoja.

Barazani kwa Snay konokono huyo alikatwa vipande vitatu. Kuna Nyasa kusini, kuna ziwa la Ujiji magharibi, na kuna Ukerewe kaskazini, ambalo ni kubwa kuliko lile la Ujiji. Wanajiografia wa Ulaya walikuwa wakibishana juu ya maziwa hayo. Kazeh yalikuwa habari za kazi za kila siku.

Kuanzia hapo wageni hao wawili, waliokuwa wakitafuta chanzo cha mto Nile na waliosikia maneno yaleyale, wakaenda kila mtu na lake.

Burton alilitaka ziwa la Ujiji, yaani Tanganyika. Walilifikia Februari 1858, na huko Uvira, upande wa kaskazini, waliambiwa na wote waliowauliza kwamba mto Rusizi unaingia ziwani, hautoki. Burton mwenyewe aliliandika jambo hilo, na lilimvunja moyo. Hata hivyo, mwaka 1864, akiwa ameshakosana vibaya na Speke, alichapisha hoja kwamba Rusizi huenda unatoka Tanganyika kwenda kaskazini na kulisha Nile. Hakuwa amerudi kuutazama. Hakuna ushahidi mpya aliokuwa ameupata. Kilichobadilika ni hasira tu.

Speke naye? Julai 1858 alimwacha Burton Kazeh akiwa mgonjwa, akaelekea kaskazini. Tarehe 3 Agosti alisimama karibu na Mwanza akalitazama Ukerewe, au Nyanza, na papo hapo akaamini kwamba hicho ndicho chanzo cha Nile. Alikaa siku chache tu. Hakuona mto wowote unaotoka. Maswali yake aliyauliza kwa Kihindustani kupitia kwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani utotoni na kuishi India miaka mingi. Bombay aliyageuza kwa Kiswahili, mwingine akayageuza kwa lugha ya wenyeji, na majibu yakarudi kwa ngazi zilezile. Burton alimkosoa vikali kwa hilo, na alikuwa na haki ya kumkosoa. Lakini Speke ndiye aliyekuwa amepatia. Mmoja alikuwa na hoja nzuri na jibu baya, mwingine alikuwa na jibu zuri na hoja dhaifu.

Na birika je? Kipimo cha Speke kule Nyanza kilikaribia ukweli, mita 1,134. Kule Tanganyika kipimajoto kilimwangusha: alipata mita 560 hivi, wakati ziwa hilo liko kwenye mita 773. Kosa la zaidi ya mita 200. Likaangukia upande uliompendeza, kwa sababu ziwa la chini kiasi hicho haliwezi kulisha Nile. Ni vigumu sana mtu kukitilia shaka kipimo kinachomuunga mkono.

Jambo lililo karibu zaidi na Tabora ni lile la mwezi. Mwanajiografia wa kale Ptolemy aliandika kwamba Nile inaanzia kwenye Milima ya Mwezi. Speke aliposikia jina Unyamwezi, aliusikia mwezi huo ndani yake. Akachora kaskazini ya Tanganyika safu ya milima iliyopinda kama hilali na kuipa jina la Milima ya Mwezi. Lakini wengi hulieleza jina la Wanyamwezi kama jina la watu wa pwani kwa watu wa magharibi, upande ambako mwezi mwandamo huonekana jioni. Lilikuwa jina la kuonyesha upande, kama vile mtu anavyosema wa bara au wa mrima. Speke akalifanya ushahidi wa maandishi ya Ptolemy.

Milima ilisahihishwa baadaye. Kosa jingine halikusahihishwa upesi, na limegharimu damu. Mwaka 1861 Speke alipita tena Kazeh, akaenda Karagwe kwa mtemi Rumanika, kisha Buganda. Alikuta falme zenye utaratibu, na akaona haiwezekani zimejengwa na wenyeji. Katika kitabu chake cha 1863 aliandika kwamba watawala wa huko lazima wametoka Uhabeshi. Hapa hakuchemsha maji wala hakupima chochote. Wakoloni wa Kijerumani na Kibelgiji waliichukua dhana hiyo hadi Rwanda na Urundi, wakawahesabu Watutsi kuwa watawala hao waliotoka nje, na katika miaka ya 1930 Wabelgiji waliandika Mhutu, Mtutsi na Mtwa kwenye vitambulisho vya watu.

David Livingstone alikuwa mtu wa aina nyingine, mwenye subira na masikio. Alikaa Kwihara, kilomita chache kutoka Tabora, katika tembe linalotunzwa leo kama makumbusho, kuanzia Februari hadi Agosti 1872. Miezi michache kabla, yeye na mwandishi wa habari Henry Stanley walikwenda kwa mtumbwi hadi Rusizi wakaona kwa macho yao kwamba unaingia ziwani, na suala la Burton likaisha. Lakini Livingstone alikuwa na lake. Alishikilia kwamba mto Lualaba ndio Nile, na kwamba kusini kuna chemchemi alizozitaja Herodotus, Mgiriki aliyeishi zaidi ya miaka 2,000 kabla yake. Alitoka Kwihara kuzitafuta, akafia kijijini kwa Chitambo mwanzoni mwa Mei 1873.

Oktoba mwaka huo watumishi wake Chuma, Susi na wenzao waliingia Kwihara wakiwa wamebeba maiti yake. Luteni Verney Cameron, aliyetumwa kumsaidia Livingstone, aliwashauri wamzike hapo. Walikataa, wakaendelea hadi Bagamoyo. Cameron alibaki na baadhi ya vipimo vya marehemu, akageukia magharibi. Mei 1874 alikuta mto Lukuga ukitoka Tanganyika kuelekea magharibi. Miezi michache baadaye alifika Nyangwe, ukingoni mwa Lualaba, akapima, na kuona kwamba mto huo uko chini kuliko Nile ilivyo Gondokoro. Kwa hiyo haiwezekani ukawa Nile.

Msimamizi wa watu wake alikuwa Sidi Mubarak Bombay, yuleyule aliyekuwa mkalimani wa Speke kule Mwanza miaka 16 kabla.