Korongo wa Theluji na Debe la Mahindi

Ndugu msikilizaji, juma hili nakupeleka mbali, kwenye baridi kali. Kaskazini mwa Japani, katika kisiwa cha Hokkaido, kuna kijiji kiitwacho Tsurui, na katika kijiji hicho kuna daraja la Otowa. Kila mwaka, mwezi wa Januari na Februari, daraja hilo hujaa watu kabla hakujapambazuka. Wamejifunika hata yamebaki macho tu, na mbele yao kamera zimesimama juu ya miguu mitatu. Baridi inaweza kufika nyuzi 20 chini ya sifuri. Betri huishiwa nguvu upesi, na wenye uzoefu huweka za akiba ndani ya koti, karibu na mwili.

Wanangoja nini? Wanangoja jua lichomoze juu ya mto Setsuri. Maji ya mto huo hutoka kwenye chemchemi, hayagandi hata wakati huo wa mwaka. Ukungu hupanda na kugeuka barafu nyeupe kwenye matawi. Chini yake, majini, wamelala wakiwa wamesimama korongo wenye utosi mwekundu, ambao Wajapani huwaita tancho. Ni jamaa wa korongo taji, yule aliyemo katika bendera ya Uganda, ila huyu ni mkubwa zaidi na mwili wake ni mweupe kama theluji yenyewe.

Wajapani wana usemi kwamba korongo huishi miaka 1,000. Walimchora kwenye vikombe na kwenye mavazi ya harusi, na shirika la Japan Airlines likamweka mkiani mwa ndege zake. Lakini heshima ya kwenye picha ni kitu kimoja, na uhai wa ndege mwenyewe ni kitu kingine.

Zamani za watawala wa kijeshi, mtu wa kawaida alikatazwa kumwinda korongo. Utawala huo ulipoanguka mwaka 1868, makatazo yalilegea, na bunduki zikaenea. Huko Hokkaido walowezi walifika kwa wingi, wakakausha vinamasi wapate mashamba. Miaka 50 haikupita, ndege wa miaka 1,000 akahesabiwa kuwa amekwisha Japani.

Mwaka 1924 waliotafuta katika kinamasi kikubwa cha Kushiro walikuta wachache wamesalia, kumi na kidogo tu. Mwaka 1935 serikali ikawatangaza kuwa kumbukumbu ya taifa ya maumbile. Tangazo ni jambo jema, lakini korongo hali karatasi. Kipupwe kilipofika na maji ya kinamasi kuganda, njaa iliendelea kuwaua.

Waliobadili mambo walikuwa wakulima. Mwaka 1950, katika eneo la Akan, mkulima mmoja alimwaga mahindi shambani mwake, na korongo wakayala. Mwaka 1952 baridi ilizidi mno, ndege wakatoka kinamasini kuja kwa watu, na wanavijiji wakawagawia nafaka. Watoto wa shule nao walishiriki. Mwaka huo walipohesabiwa, walikuwa 33. Kumbuka, msikilizaji, Japani ilikuwa imetoka vitani miaka saba tu, na debe la mahindi halikuwa kitu cha kuchezea. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 korongo hao walipita 1,000, na wameendelea kuongezeka.

Basi mpiga picha anayetoka Tokyo au Ulaya, akarudi na picha ya korongo wawili wakicheza kwenye theluji, amechukua matunda ya kazi ambayo haionekani pichani. Katika picha kuna pori tupu. Kwa kweli nyuma yake kuna shamba na mtu mwenye debe.

Na hadithi haikuishia kwenye furaha. Kwa kuzoea kulishwa, korongo hukusanyika wengi mahali pamoja. Ugonjwa mmoja ukiingia unaweza kuwafyeka. Wengine huharibu mazao, na wengine hugonga nyaya za umeme na magari. Serikali ya Japani imeanza kupunguza chakula hatua kwa hatua, ili watawanyike na kujitafutia wenyewe. Lakini watawanyike wapi, iwapo vinamasi vingi vimekwisha kuwa mashamba?

Swali hilo linatuhusu na sisi. Korongo taji wetu wa Afrika Mashariki sasa yumo katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka, na sababu kubwa mojawapo ni ile ile ya kukausha vinamasi. Wenzetu wa Hokkaido walianza kumwaga mahindi wakati wamebaki ndege 33. Sisi bado tuna nafasi ya kuyaacha maji mahali pake, na hilo halihitaji debe la mtu yeyote. Nakuachia ulipime.