Kuku anapohara maji: mambo ya kuangalia mbele ya kununua dawa

Katika miji ya Butembo na Beni, nyumba mingi ziko na kuku watano, kumi ao zaidi nyuma ya jiko. Kuku hao si mapambo. Mutoto akifukuzwa ku masomo juu ya minervali, kuku wawili wanaenda ku soko. Mugonjwa akifika ku hospitali, ni kuku tena. Jamaa mingi zenye zilikimbia vita katika vijiji vya Beni na Lubero zilianza tena maisha mu muji na kuku wachache tu. Ndiyo maana mwenye kufuga akikuta asubuhi mavi ya maji fasi kuku walilala, moyo unaruka, na mbio anaenda ku farmasi.

Hapo ndipo pesa zinapotea. Kuhara maji si ugonjwa mumoja. Ni alama tu, sawa vile homa ni alama kwa mutu. Inaweza kutoka kwa jua kali, kwa chumvi, kwa minyoo, ao kwa ugonjwa wenye unaweza kumaliza kuku wa avenyu nzima kwa siku chache. Dawa ya moja haiponyeshe ingine. Mbele ya kufungua mufuko, inafaa kuangalia mambo matatu: mavi yenyewe, hali ya kuku, na hesabu ya wenye wamepatwa.

Mavi ya kuku muzima yanafanana namna gani

Kuku hakojoe peke yake kama mbuzi. Mukojo wake unatoka pamoja na mavi, nao ndio kile kitu cheupe kinaonekana juu. Mavi mazuri ni ya kahawia ao ya kijivu, yanasimama, na juu yake kuko cheupe kidogo.

Lakini mara mbili ao tatu kwa siku, kuku huyo huyo anatoa mavi ya aina ingine: laini, kahawia nzito, yenye kushikamana, na harufu yake ni kali. Yanatoka katika mifuko miwili iliyo mwisho wa matumbo. Watu mingi wanayaona na kusema kuku anahara, kumbe ni kawaida.

Kuko pia mavi yenye kuwa magumu katikati na maji safi kando kando. Hayo mara mingi si kuhara. Ni mukojo mingi, maana yake kuku alikunywa maji mingi. Kuhara kwenyewe ni pale mavi yote yameyeyuka, hakuna tena sehemu ngumu, na manyoya ya nyuma yanabaki machafu na yenye kulowana.

Njia rahisi ya kujua ni kuweka karto ao majani ya ndizi chini ya fasi kuku wanalala, na kuangalia asubuhi. Ku udongo mavi yanachanganyika na maji ya mvua na hayaonekane vizuri.

Wakati maji hayatoke kwa ugonjwa

Sababu ya kwanza ni joto. Kuku hatoke jasho. Akisikia joto anafungua mudomo, anapumua mbio mbio, na anakunywa. Kuku wa mayai anakunywa karibu robo ya litre kwa siku. Jua likiwa kali anaweza kukunywa mara mbili ya hapo, na mavi yanakuwa maji. Hilo linaonekana zaidi Beni, kwa sababu Beni iko chini kuliko Butembo na joto lake ni kali zaidi. Kosa ni kuondoa maji ili mavi yakauke. Kuku anaweza kufa na kiu. Dawa ni kivuli, hewa, na maji safi yenye kubadilishwa mara kwa mara.

Sababu ya pili ni chakula. Kuku aliyekula maganda ya papai, mboga mingi ao masalio ya kasiksi anaweza kutoa mavi ya maji siku ile na kesho yake akapona bila dawa. Mahindi yenye ukungu, yale yanabaki wakati wa mvua na watu wanasema yafae basi kuku, hayo ni mabaya kabisa. Ukungu ule unatoa sumu inayoharibu maini ya kuku.

Sababu ya tatu ni chumvi, na watu wachache wanaiwaza. Makayabo yanalowekwa usiku, na asubuhi yale maji pamoja na vipande vyenye kubaki vinamwagwa kiwanjani. Kuku wanakuja. Nyuma ya hapo wanakunywa bila kutosheka, wanahara maji matupu, wanalegea, na vifaranga vinaweza kufa siku hiyo hiyo. Mwenye nyumba anawaza kama ni sumu ya jirani. Kumbe ni chumvi. Hapo wapewe maji safi matupu, kidogo kidogo lakini mara mingi, na chakula chenye chumvi kiondolewe.

Kuku mwenye kusafirishwa mbali, ndani ya kitunga juu ya pikipiki, naye anaweza kuhara kwa woga na uchovu. Akipumzika siku moja ao mbili inaisha. Lakini isidhaniwe kama ni uchovu tu. Kuku mugeni akae peke yake majuma mawili mbele ya kuchanganywa na wengine.

Rangi inasema nini

Mavi yenye damu, zaidi kwa vifaranga vya majuma matatu mupaka manane, yanaonyesha koksidiozi. Ni vidudu vidogo sana vyenye kuishi ndani ya matumbo. Vinatoka na mavi, na katika fasi yenye maji na joto vinakomaa kwa siku moja ao mbili, kisha kifaranga kingine kinavidonoa. Ndiyo maana ugonjwa huo unapanda wakati wa mvua, na katika nyumba ya kuku yenye unga wa mbao umelowana. Uko na dawa: amprolium ao dawa za jamii ya sulfa, katika maji ya kunywa, kwa kipimo na siku zenye kuandikwa ku mufuko. Lakini kama chini kunabaki maji, ugonjwa unarudi.

Mavi meupe yenye kushikamana na kufunga nyuma ya vifaranga vya siku chache tu, mara mingi yanatokana na ugonjwa wenye ulitoka kwa mama kupitia yai. Mayai ya kuku kama huyo yasiatamiwe tena.

Mavi ya maji ya kijani ao ya manjano, na kuku amevimba masikio na nyama ya chini ya mudomo, inaweza kuwa kolera ya kuku. Jina ni kolera, lakini si ile ya watu. Ni vidudu vingine kabisa.

Kuku mwenye kukonda pole pole, kifua kimebaki mufupa, na anahara mara kwa mara, huyo awaziwe minyoo. Kuku wenye kutembea inje wanahitaji dawa ya minyoo kila miezi mitatu hivi.

Kijani inahitaji uangalifu. Kuku mwenye hajakula siku mbili naye anatoa kijani, kwa sababu ya nyongo. Kwa hiyo kijani peke yake haitoshe. Lakini kijani ya maji, pamoja na kupumua kwa shida, mabawa kuanguka, shingo kupindika, miguu kulegea, na vifo vya mbio: hapo ugonjwa wa kuogopa ni Newcastle, wenye maveterinere wanaita pia psedo-pesti.

Hesabu ndiyo inasema kweli

Kuku mumoja akihara na wengine wanakula vizuri, atengwe na aangaliwe. Kuku watatu wakilegea kwa siku mbili, na mumoja amekwisha kufa, hiyo si tena jambo la kungoja. Aitwe veterinere siku hiyo hiyo, na majirani waambiwe.

Newcastle ni virusi. Ilipata jina kwa muji wa Newcastle huko Uingereza, fasi ilionekana kati ya 1926 na 1927. Inaweza kumaliza karibu kuku wote wenye hawakuchanjwa. Hakuna dawa ya kuiponyesha. Kidonge, majani, mafuta ya mawese, vyote haviwezi kuua virusi hivyo. Kitu kimoja tu kinasaidia, nacho kinafanywa mbele: chanjo.

Chanjo inatolewa kwa tone moja katika jicho ao katika maji ya kunywa, na inarudiliwa kila miezi mitatu ao mine. Aina mingi, kama vile La Sota, zinahitaji kukaa katika baridi, kati ya digri 2 na 8, tangu zinapotoka mu friji mupaka kwa kuku. Ile inaitwa I-2 inavumilia joto zaidi, lakini nayo haipaswe kuachwa ku jua. Yenye kuwekwa katika maji isichanganywe na maji yenye klore ao javel. Klore inaua chanjo, na mwenye kuku atawaza kama amewakinga, kumbe hapana. Kuku wenye wamekwisha kuugua wasichanjwe.

Chupa moja iko na dozi mingi, mara mingi mia moja na zaidi, na ikifunguliwa lazima itumike kwa saa chache. Kwa mwenye kuku sita, ni hasara. Kwa hiyo inafaa nyumba kumi na tano za avenyu moja zipatane siku, zichange, na veterinere apite nyumba kwa nyumba. Pia kuku wa jirani wakikingwa, wako nao wanapona.

Kidonge cha tetra

Katika mitaa mingi, dawa ya kwanza ni tetrasikline ya watu, kapsile yenye kufunguliwa ndani ya kopo la maji. Dawa hiyo inapigana na vidudu vya aina ya bakteria. Haiweze kitu kwa virusi vya Newcastle, haiponyeshe chumvi, haiue minyoo. Na kipimo hakuna anayekijua.

Shida ingine ni kama dawa inabaki ndani ya nyama na mayai. Mwenye kula mayai hayo anakula dawa bila kujua, na vidudu vinazoea. Siku mutoto atahitaji dawa hiyo kweli, inaweza kushindwa. Kila dawa ya kuku iko na siku za kungoja mbele ya kula ao kuuzisha. Siku hizo ziulizwe na ziheshimiwe.

Siku ya kwanza: la kufanya

Kuku mwenye kuhara atengwe, fasi kavu, yenye kivuli. Kopo la maji lioshwe na lijazwe maji safi. Kama si shida ya chumvi, anaweza kupewa kwa siku moja maji ya sukari na chumvi, sawa yale ya mutoto mwenye kuhara: litre moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi.

Mavi na unga wa mbao wenye kulowana viondolewe. Majivu makavu ao chokaa vinasaidia kukausha chini. Mwenye kuhudumia kuku aanze na wazima, amalize na wagonjwa, kisha aoshe mikono na viatu.

Kuku aliyekufa asitupwe ku mutaro, asipewe imbwa, na asiliwe. Achomwe ao azikwe ndani, mbali na kisima.

Watu wa nyumba nao

Juu ya wezi na juu ya usalama mubaya, watu mingi wanalaza kuku ndani ya jiko ao chini ya kitanda. Inaeleweka. Lakini mavi ya kuku, hata mwenye kuonekana muzima, yanaweza kubeba salmonela na vidudu vingine vyenye kuharisha watu, zaidi watoto wenye kutambaa chini. Kama hakuna namna ingine, kuku wafungiwe katika sanduku ao kitunga kikubwa, mavi yaondolewe kila asubuhi mbele watoto waamuke, na sahani zikae juu.

Wakati wa Ebola, tangu tarehe 1/8/2018 mupaka 25/6/2020, kila nyumba ya Beni na Butembo ilizoea ndoo na sabuni ku mulango. Kuku habebe Ebola. Lakini ndoo ile ile inafaa hapa.

Kuku na mabata wakikufa wengi kwa mara moja, bila sababu kujulikana, wasiguswe na mikono mitupu. Mwaka 2017 homa ya ndege ilionekana Ituri, upande wa ziwa Albert, na Uganda vilevile. Jambo kama hilo linapaswa kufikishwa mbio ku biro ya serikali yenye kusimamia kilimo, uvuvi na ufugo. Butembo, Université catholique du Graben nayo iko na kitivo cha uganga wa wanyama, na maveterinere wenye kusoma pale wanatumika katika miji yote miwili.

Kuuzisha mbele afe

Kinachobaki ni kigumu zaidi kuliko dawa. Kuku akianza kulegea, mwenyewe anawaza: heri nimuuzishe leo kuliko kumuzika kesho. Anamupeleka ku soko, anapata pesa nusu. Kule kuku huyo analala katika kitunga kimoja na wengine ishirini. Jioni wale ishirini wanatawanyika Bulengera, Mususa, Vulamba, Kimemi, na wengine wanapanda gari kwenda Beni. Nyuma ya juma moja, jamaa ingine inakuta mavi ya kijani asubuhi. Ugonjwa wenye ungebakia katika nyumba moja umeingia katika nyumba ishirini, na katika kila moja kulikuwa mutoto anayengoja minervali.